Je, Lazima Kila Piano Ifike 440?

Leo naweka kando habari za seva, simu na lugha za programu ili nizungumzie piano. Usifunge ukurasa bado. Swali nililo nalo ni la kiufundi kama mengine yote ninayoandika hapa, na linagusa jambo ambalo sisi watengenezaji wa programu tunabishania kila siku: kiwango kikishawekwa, je, kifuatwe kila mahali na kila mtu, hata pale kinapovunja kitu?

Fundi anapoitwa kutyuni piano, je, ni lazima kila mara aivute hadi kimo sanifu, yaani ile noti ya A iliyo juu ya C ya katikati itoe mitetemo 440 kwa sekunde? Mafundi niliozungumza nao wanasema ndiyo, na hawataki mjadala. Walimu wa muziki nao vivyo hivyo. Mimi nasema si kila mara. Na hapa Kisumu, kwenye joto na unyevu wa ziwa, nafikiri hilo neno "kila mara" limetupotezea piano ambazo watu wangeweza kuziimbia hadi leo.

Nitaeleza sababu zangu hatua kwa hatua. Kama hujawahi kugusa piano usijali, nitaanzia chini.

440 ni nini hasa?

Sauti ni mtetemo. Uzi ukitetemeka mara 440 kwa sekunde, sikio linasikia noti ambayo wanamuziki wa leo wameikubali kuwa A. Ukikaza uzi, mitetemo inaongezeka na sauti inapanda. Ukiulegeza, inashuka. Piano ina vibonyezo 88 na nyuzi zaidi ya 200, kwa sababu noti nyingi zina nyuzi mbili au tatu zinazogongwa pamoja.

Fundi anajuaje kwamba uzi umefika? Anasikiliza mawimbi. Nyuzi mbili zikilia pamoja, moja 440 na nyingine 441, utasikia sauti ikivimba na kunywea mara moja kila sekunde. Tofauti ikiwa mitano, itavimba mara tano kwa sekunde. Fundi anazungusha pini polepole hadi mawimbi hayo yapotee, au yabaki kwa kasi anayoitaka.

Sasa angalia hesabu hii, ambayo imo ndani ya karibu kila kinanda cha umeme na kila programu ya muziki:

masafa = 440 * 2 ^ ((noti - 69) / 12)

Namba 69 ni ya noti A katika MIDI, ile lugha ya vyombo vya umeme iliyotoka mwaka 1983. Weka 69 na utapata 440. Weka 81 na utapata 880, yaani oktavu moja juu. Ni rahisi na safi kama tunavyopenda sisi wa tarakilishi.

Lakini piano halisi haifuati hesabu hii sawasawa. Nyuzi za chuma ni ngumu, na ugumu huo unafanya sauti ndogo ndogo zilizo ndani ya kila noti zipande kidogo kuliko hesabu inavyosema. Kwa hiyo fundi mzuri anazivuta noti za juu zaidi kidogo, na za chini anazishusha zaidi kidogo, ili sikio liridhike. Piano "iliyo 440" iko 440 kwenye noti moja tu. Zile nyingine 87 zinapangwa kwa kusikilizana zenyewe kwa zenyewe. Shika hilo, nitalirudia.

Namba hii ilitoka wapi?

Haikuandikwa kwenye mbao za Musa. Uma wa sauti wa mwaka 1751 unaohusishwa na mtunzi Handel unatoa mitetemo 422.5. Ufaransa iliweka 435 kwa sheria mwaka 1859. Uingereza orkestra zilipandisha kimo chao hadi kupita 450, waimbaji wakalalamika kwamba koo zinapasuka. Mwaka 1885 nchi kadhaa zilikutana Vienna na kukubaliana juu ya 435, na makubaliano hayo yalikuwa na uzito kiasi kwamba Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga hesabu za Vita vya Kwanza vya Dunia, unayataja. Ndiyo, kimo cha piano kimo ndani ya mkataba wa amani!

Mwezi Mei 1939 wataalamu walikutana London na kuchagua 440. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilikipokea kiwango hicho mwaka 1955 na kukithibitisha tena mwaka 1975 kwa jina la ISO 16.

Mbona 440, wakati Waingereza walikuwa wakitumia 439? Hapa ndipo hadithi inapomfurahisha fundi wa umeme. BBC ilitaka kurusha hewani noti ya kutyunia, iliyotokana na kioo cha kwatzi chenye mitetemo milioni moja kwa sekunde. Chukua 1,000,000, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa 11, gawanya kwa 25. Unapata 440. Lakini 439 ni namba tasa, haigawanyiki kwa chochote ila yenyewe na moja, na mitambo ya wakati ule ingeipata kwa taabu sana. Namba ambayo leo inatetewa kama maandiko matakatifu ilipata nguvu kwa kiasi fulani kwa sababu ilikuwa rahisi kwa wahandisi wa redio.

Siidharau kwa hilo. Viwango vingi vizuri vimezaliwa hivyo. Nataka tu tukumbuke kwamba ni makubaliano ya watu, na makubaliano yana sababu. Pia kumbuka kwamba piano iliyotengenezwa Ufaransa au Ujerumani kabla ya wakati huo huenda haikutengenezwa kwa ajili ya 440 hata siku ile ilipotoka kiwandani.

Piano kando ya ziwa

Reli ilifika hapa, wakati huo pakiitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901. Kuanzia hapo mizigo mizito kutoka Mombasa iliweza kufika ziwani bila kubebwa mabegani. Piano ni mzigo mzito kwelikweli. Ile ya kusimama, ya kuegemezwa ukutani, inapita kilo 200 bila shida. Ndizo hizo unazozikuta kwenye kona ya kanisa la zamani, kwenye ukumbi wa shule, au kwenye nyumba chache za Milimani, juu yake pamewekwa vazi la maua.

Ndani ya piano kuna ubao mpana mwembamba unaokuza sauti. Ubao ni mti, na mti unakunywa unyevu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi ubao unavimba, unazisukuma nyuzi juu, nazo zinakazika na sauti inapanda, hasa noti za katikati. Hewa ikikauka ubao unanywea na sauti inashuka. Kwa hiyo piano iliyotyuniwa barabara wakati wa mvua ya masika mwezi Aprili haitakuwa pale pale Januari jua linapowaka. Hapa kwetu, penye ziwa upande mmoja na mabati yanayochemka juu, ubao huo haupumziki.

Juu ya mchezo huo wa misimu kuna uzee. Nyuzi zinalegea mwaka baada ya mwaka, na pini zinachoka kushika. Piano isiyoguswa miaka mingi inaweza kuwa imeshuka nusu toni nzima, au zaidi.

Sasa fanya hesabu ya kuivuta. Mkazo wa uzi unaenda na mraba wa masafa. Nusu toni ni kuzidisha masafa kwa 1.0595, na mraba wake ni kama 1.12. Maana yake, kuipandisha piano nusu toni ni kuongeza mkazo wa kila uzi kwa asilimia 12. Nyuzi zote za piano kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya tani 15 hadi 20, kutegemea piano. Asilimia 12 ya hapo ni tani mbili hivi. Unaichukua fremu ya miaka 80, nyuzi zenye kutu ya miaka 80, halafu unaiongezea uzito wa pickup iliyojaa mizigo.

Niliwahi kushuhudia jambo hili kwenye kanisa moja ambalo sitalitaja. Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya simu ya kupima kimo, na nilitaka kuijaribu. A ilikuwa 417. Noti zenyewe hazikuwa zimeachana sana, ungeweza kucheza wimbo na watu wakaimba. Fundi alipofika nilimuuliza, "Mzee, tukiiacha hapo hapo 417, halafu uzipatanishe tu zenyewe kwa zenyewe, kuna ubaya gani?"

Alinitazama. "Kijana, nitaandika nini kwenye risiti? Kwamba nimetyuni piano ambayo haijatyuniwa?"

Akaivuta hadi 440 alasiri moja. Nyuzi tatu zilikatika, mojawapo ile nene ya besi iliyozungushiwa shaba, ambayo huikuti dukani Kisumu. Baada ya majuma machache zilizobaki zilikuwa zimeshuka tena, na mara hii kila moja kwa kiasi chake. Kamati ilikaa, ikaamua kwamba piano imekufa, ikanunua kinanda cha umeme. Kinanda ni kizuri. Ila stima ikipotea Jumapili asubuhi, kwaya inaimba na makofi.

Simlaumu mzee yule. Alifanya alichofundishwa, na ule wasiwasi wake wa risiti ni wa haki. Kazi yake inapimwa kwa namba moja, na hiyo namba ilikuwa haifai kwa piano ile.

Wanaotetea 440 wana hoja

Nisiwe kama wale wanaopiga kelele upande mmoja. Hoja za upande wa pili ni nzito, na tatu nazikubali kabisa.

Kwanza, deni. Sisi tunajua deni la kiufundi: unaacha kurekebisha kitu kidogo leo, kesho kinahitaji kazi kubwa. Piano ni hivyo hivyo. Ukiiacha ishuke mitetemo miwili kila mwaka kwa sababu "haina shida," baada ya miaka kumi umejitengenezea ile kazi ya tani mbili. Kutoka 435 hadi 440 ni ongezeko la mkazo la asilimia 2.3 tu, na piano nzima itavumilia. Kwa hiyo piano mpya au yenye afya ishikiliwe 440 na ityuniwe mara kwa mara. Hapo sina ubishi.

Pili, sauti. Nyuzi zilichaguliwa unene na urefu kwa mkazo fulani. Zikilegea sana, besi inakuwa kama inatoka ndani ya gunia.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, kukutana. Tarumbeta haiwezi kushuka nusu toni kwa sababu piano yako imechoka. Kinanda cha umeme kinaamka kikiwa 440. Mtoto anayejizoeza nyumbani kwenye piano iliyo chini, halafu anapanda jukwaani kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1927, atasikia wimbo ule ule ukiwa mgeni masikioni. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Ukiingia kwenye bendi, ingia na kimo cha bendi.

Lakini tazama vizuri hoja hiyo ya tatu. Nguvu yake yote imo kwenye neno "kukutana." Je, piano isiyokutana na mtu?

Sisi Waswahili tuna saa mbili

Hapa nataka kutoa mfano ambao msomaji wa Kiswahili ataushika haraka kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Wewe na mimi tunaishi na saa mbili. Nyumbani tunasema saa tatu asubuhi. Kwenye tiketi ya ndege imeandikwa 9:00. Ni wakati ule ule, tofauti ni saa sita kamili, na mtoto wa shule ya msingi anageuza kichwani bila kufikiri.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia bibi yako kwamba saa yake ni mbovu. Saa yake inafanya kazi kati yake na watu wa mji wake. Ila akitaka kupanda ndege, itabidi mtu amgeuzie.

Watengenezaji wa programu wazuri wanafanya hivyo hivyo. Ndani ya mfumo wako panga unavyotaka. Kwenye mlango, pale mfumo wako unapozungumza na wa mwenzako, fuata kiwango mpaka nukta ya mwisho. Kiwango ni mkataba wa mlangoni. Kinatusaidia kupeana vitu bila ugomvi. Hakikuwekwa ili kupekua kila chumba cha nyumba yako.

Piano ya kanisa la kijijini inayosindikiza sauti za watu tu haina mlango unaodai 440. Sauti ya binadamu haina kifungo. Kwaya ikipewa noti ya kuanzia inaifuata, iwe 440, 430 au 415, na soprano aliyekuwa akipiga kelele kwenye noti ya juu atakushukuru ukimshushia. Ndani ya piano hiyo kinachotakiwa ni noti 88 zinazopatana. Na nilikwambia ushike: hicho ndicho kiwango chenyewe kinachomwachia sikio la fundi.

Mfano wa saa unatufundisha jambo jingine tena, na hili ndilo ningependa mafundi walichukue. Saa ya Kiswahili inafanya kazi kwa sababu tofauti yake ni kamili, saa sita. Ingekuwa saa tano na dakika arobaini na tatu, tungekwisha kuiacha zamani.

Basi piano isiyoweza kufika 440 isiachwe ielee popote. Ikiwa imeshuka sana, ipange nusu toni kamili chini, yaani 415.3. Hapo ina tafsiri safi. Mwenye gitaa analegeza nyuzi zake nusu toni, au anahamisha vidole. Mwenye kinanda cha umeme anabonyeza kitufe cha kushusha hatua moja. Wanaocheza muziki wa kale Ulaya kwa vyombo vya zamani wanatumia 415 kila siku kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna anayewaambia hawajatyuni. Piano yetu ya 417 ilikuwa mitetemo miwili tu kutoka kwenye kituo hicho. Kazi ya asubuhi moja, bila uzi kukatika.

Nani amfuate nani?

Kuna upande mwingine wa jambo hili, na kwa watu wa ziwani ndio unaoniuma zaidi.

Nyatiti ina nyuzi nane. Jathum anaketi kwenye kigoda kifupi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga fremu, njuga mguuni, na anaimba mwenyewe. Anatyuni kwa kufuata sauti yake. Leo koo ni zito, nyuzi zinashuka. Kesho ni shwari, zinapanda. Huu ni ufundi uliokamilika, na wasomi wameuchukulia hivyo. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki wa Wajaluo mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa mtu wa kutembea na seti ya uma za sauti, apime vyombo vilivyo badala ya kuvisahihisha. Washington Omondi aliandika tasnifu nzima ya uzamifu kuhusu thum katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1980, na baadaye akaandika juu ya namna inavyotyuniwa. Ayub Ogada alipoipeleka nyatiti duniani kwa albamu yake ya mwaka 1993, walioisikiliza Ulaya hawakuuliza iko hezi ngapi.

Sasa mlete jathum kanisani au studio ndogo pale Kondele, akae kando ya kinanda cha umeme. Nani atasogea? Nimeona mara nyingi: mzee wa nyatiti ndiye anayeambiwa akaze nyuzi afikie kinanda, halafu anaimba akiwa amekunja uso kwa sababu wimbo umepandishwa juu ya koo lake. Na kinanda kina nini? Kina kitufe. Vinanda vingi vya umeme vinaweza kusogezwa kimo kidogo kidogo, na MIDI yenyewe ina amri ya kusogeza kimo cha chaneli nzima. Sekunde kumi tu.

Kanuni yangu ni hii: wakikutana wawili, anayeweza kusogea kwa gharama ndogo ndiye asogee. Kati ya tarumbeta na piano mpya, piano ishikilie 440. Kati ya nyatiti na kinanda cha umeme, kinanda kisogee. Kati ya piano ya miaka 80 na gitaa, gitaa lisogee. Kiwango ni cha kutumia pale ambapo hakuna anayejua mwenzake yuko wapi. Mkiwa mnatazamana uso kwa uso, ongeeni.

Sisi tunaoandika programu tuna sehemu yetu ya lawama hapa. Kijana anajifunza nyatiti na simu mkononi, anafungua programu ya kutyuni, na taa inawaka nyekundu. Nyekundu maana yake "umekosea." Amekosea nini? Sauti ya mwalimu wake haikuwahi kuwa mezani pale London mwaka 1939. Programu nyingi zina mahali pa kubadilisha 440, lakini pamefichwa ndani ya menyu tatu, na watu wachache hufika huko. Chaguo-msingi ndilo sheria ya mtumiaji wa kawaida.

Kwa hiyo msimbo wangu nimeuandika hivi:

masafa = kimo_msingi * 2 ^ ((noti - 69) / 12)

Na kitu cha kwanza programu inachouliza ni "Unacheza na nani?" Ukijibu bendi au kinanda, inaweka 440. Ukijibu peke yangu au na waimbaji, inasikiliza kwanza chombo kiko wapi, halafu inakusaidia kupatanisha nyuzi kuanzia hapo. Ni mstari mmoja wa msimbo na swali moja kwenye skrini. Hakuna ugumu wowote.

Basi tufanye nini?

Ukiwa na piano, au ukiwa kwenye kamati inayoitunza, muulize fundi wako maswali matatu kabla hajashika spana.

Moja, iko wapi sasa? Apime, akutajie namba. Ikiwa ni 434 au zaidi na nyuzi hazina kutu, mwambie aipeleke 440 na umwite tena baada ya miezi sita.

Mbili, inakutana na nani? Ikiwa kuna tarumbeta, filimbi, kinanda au wanafunzi wa mitihani, kuna sababu ya kugharamia safari ya juu, hata kwa awamu: kidogo mwezi huu, kidogo baada ya miezi mitatu, fremu ipate kuzoea.

Tatu, itavumilia? Akikwambia haitavumilia, mwambie aipange 415, au pale ilipo ikiwa inasindikiza sauti za watu tu. Halafu aandike. Kadi ndogo ndani ya kifuniko: tarehe, A ni ngapi, sababu. Na kwenye risiti aandike vivyo hivyo, "Imetyuniwa kwa A 415." Fundi wetu alitaka kitu cha kuandika, na hicho hapo. Ni kazi kamili, yenye namba, na fundi atakayefuata atajua kwamba ilifanywa kwa kukusudia. Programu isiyo na maelezo inamtesa anayeirithi, na piano pia.

Piano mpya inagharimu pesa ambazo makanisa na shule nyingi za huku hazitazipata hivi karibuni. Zile za zamani hazitaongezeka. Kila moja inayotangazwa kuwa imekufa kwa sababu haifiki 440 inaishia kuwa rafu ya vitabu vya nyimbo, au kuni. Mtoto ambaye angeigusa mara ya kwanza, akashangaa kwamba kidole kimoja kinaweza kutoa sauti kubwa kiasi kile, hatajua hata kidogo kwamba ilikuwa mitetemo 25 chini. Angejua tu kwamba inaimba.

Kama unayo moja mahali fulani imefunikwa kitambaa, ifungue wiki hii na upime A. Tuonane wakati mwingine, tutarudi kwenye seva.